Mji Mkubwa Haumpi Mtoto Akili



Mwaka juzi tuliitwa katika baraza la jamaa moja ya kikristu hapa Fungurume. Kijana wao wa kwanza alikuwa amepata diploma ya Serikali kwa alama nzuri. Baba yake, mfanyakazi wa mgodi, alikuwa ameuza kiwanja chake kando ya barabara ya kwenda Kolwezi, apate feza ya kumpeleka mtoto Ulaya. Mezani palikuwa na barua mbili. Moja ilitoka katika chuo kikuu kimoja cha Paris. Nyingine ilitoka Louvain-la-Neuve, katika Ubelgiji.

Mjomba wa kijana akasimama, akasema: «Louvain-la-Neuve? Nani anayeijua? Nikisema Paris, hata mama anayeuza mihogo sokoni anaelewa kwamba mtoto wetu amefika.» Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kuku akaletwa. Sisi tuliitwa kwa kuwa tulikaa seminarini miaka kadhaa, na katika wenzetu wa darasa wapo waliopelekwa Ubelgiji kusoma. Tulikuwa na neno la kusema. Hatukulisema. Tulikula kuku, tukarudi nyumbani.

Kijana akaenda Paris. Chumba karibu na chuo hakikupatikana kwa feza aliyokuwa nayo. Akapata kitanda kwa mtu wa nchi yetu, mbali, nje ya mji: saa moja na nusu kwa gari-moshi asubuhi, saa moja na nusu jioni. Feza ikaisha kabla ya Noeli. Akashika kazi ya kufagia maofisi usiku. Asubuhi alisinzia darasani. Baadaye hakuenda darasani kabisa. Mwaka wa kwanza akaanguka mitihani, na mwaka wa pili vilevile. Leo hajibu simu ya baba yake. Si kwa ubaya wa moyo, ni kwa haya.

Mwezi huu jamaa ile ile itakaa baraza tena. Dada yake kijana yule naye amepata diploma, tena anataka kusomea mawe na madini, jambo zuri sana kwa binti aliyezaliwa juu ya shaba. Na mjomba yule yule amekwisha kutamka: «London!» Safari hii hatutanyamaza. Na kwa kuwa twajua ya kwamba mabaraza ya namna hii hukaa pia Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, twaandika neno letu hapa, kila mzazi alisome.

Neno letu ni hili: kwa mwanafunzi anayetoka kwetu, mji wa kadiri wenye chuo kikuu wafaa kuliko mji mkubwa sana. Tazameni hesabu ya watu. London ina watu karibu 9,000,000. Paris pamoja na viunga vyake yapita 10,000,000. Lakini Liège ina watu karibu 200,000. Leuven kama 100,000. Mons karibu vivyo hivyo. Na Louvain-la-Neuve ni mji mdogo zaidi, ambamo wanafunzi ni wengi kuliko wenyeji. Sisi wenyewe hatukufika huko. Twasema mambo yanayojulikana, na yale tuliyoandikiwa na wenzetu waliokaa huko miaka.

Sababu ya kwanza ni miguu. Msicheke. Mwanafunzi ana saa 24 kwa siku kama mtu yeyote. Akitumia tatu katika gari-moshi, amezitoa wapi? Amezitoa katika usingizi au katika kitabu. Louvain-la-Neuve ulijengwa makusudi kwa ajili ya chuo kikuu: jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1971, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1972. Waliochora mji ule walitaka mtu aende kwa miguu. Katikati ya mji motokari na gari-moshi hupita chini, watu hutembea juu. Chumba, darasa, maktaba, duka na kanisa, vyote mwanafunzi huvifikia kwa miguu yake. Na Leuven, ulio mji wa kale, husifiwa kwa baisikeli: mwalimu na mwanafunzi wote wamo barabarani juu ya baisikeli, hata mvua ikinyesha, na mvua ya huko hainyeshi kidogo. Saa ile ambayo kijana wetu aliilala akisimama katika gari-moshi, mwenzake wa Louvain-la-Neuve alikuwa ameketi mbele ya kitabu. Je, mwisho wa mwaka nani atashinda?

Sababu ya pili ni feza. Katika mji mkubwa mno, mwenye nyumba ana watu wengi wa kumpangisha: watu wa benki, watu wa serikali, watalii. Mwanafunzi kutoka Fungurume ni wa mwisho katika mstari. Katika mji wa chuo kikuu mambo yamegeuka: nyumba nyingi zimejengwa au zimekatwa vyumba kwa ajili ya mwanafunzi. Huko Ubelgiji chumba hicho kina jina lake, huitwa kot, na kila mtu ajua maana yake. Hatusemi ni bure. Lakini mzazi akumbuke kwamba sheria ya Ubelgiji yamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa masomo. Kama kodi ya chumba yadai saa 40, mtoto atafanya nini? Ataiba saa za masomo, au atavunja sheria, au yote mawili. Hapo tusimlaumu mtoto. Sisi ndio tuliomtuma kuchota maji kwa kikapu.

Sababu ya tatu, na kwetu ndiyo kubwa, ni kujuana. Mama yake binti yule alituambia faraghani, huku akipepeta unga: «Mwalimu, mimi sijui majina ya miji. Nataka mahali ambapo mtu akiona mlango wa mwanangu haufunguki, atagonga.» Tumesoma hotuba nyingi za wenye elimu juu ya vyuo vikuu, hatujaona iliyosema kweli zaidi ya hiyo.

Katika mji wa kadiri, uso huonekana tena. Mwuza mkate ni yule yule. Padri wa parokia ya wanafunzi akuona Dominika hii, na Dominika ijayo auliza kwa nini hukuonekana. Louvain-la-Neuve kuna desturi nzuri: wanafunzi kadhaa hukaa nyumba moja, wakishika kazi moja kwa faida ya wengine mwaka mzima, huita kot-à-projet. Wengine huwasaidia walemavu, wengine huwafundisha watoto, wengine hushika muziki au michezo. Mgeni akiingia katika nyumba kama hiyo, ana ndugu kabla hajajua barabara. Akiugua, watu wanane wajua. Akikosa chakula, hawezi kuficha siku tatu. Paris pia wamo watu wema, tena wengi. Lakini mtu mwema asiyekujua atakusaidiaje?

Na sisi watu wa Fungurume twapaswa kuelewa jambo hili kuliko wengine. Tangu mgodi wetu mkubwa uanze kutoa shaba na kobalti mwaka 2009, watu wamekuja kutoka pande zote. Hatuwachukii, wametafuta mkate kama sisi. Lakini tuseme kweli: kodi ya nyumba ilipanda, na watoto waliacha darasa wakaenda kuchimba. Zamani mtoto akizurura saa za shule, mama yeyote wa mtaa angemshika sikio na kumrudisha. Leo nani ajuaye ni mtoto wa nani? Mji wetu ulikua upesi kuliko kujuana kwetu, na waliolipa kwanza ni watoto. Sisi tulioyaona hayo mlangoni petu, twawezaje kupiga makofi mtoto akitupwa peke yake katikati ya watu milioni 10?

Sababu ya nne: elimu kubwa haikuzaliwa katika miji mikubwa peke yake. Chuo kikuu cha Leuven kilianzishwa na Papa Martino wa tano mwaka 1425. Kimetimiza miaka 600. Kilichomewa maktaba katika vita mara mbili, mwaka 1914 na mwaka 1940, kikaijenga tena. Humo alifundisha Padri Georges Lemaître, ambaye mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu wote wapanuka, na baadaye kwamba ulianza kutoka mwanzo mmoja mdogo sana. Wataalamu wa dunia nzima wakaja kumkubali. Hakuhitaji mji wenye watu milioni ili kuzihesabu nyota.

Na watu wetu je? Thomas Kanza, mmoja wa walei wa kwanza wa nchi yetu kusoma chuo kikuu huko Ubelgiji, alisoma Louvain katika miaka ya 1950. Mwaka 1960 akawa waziri katika serikali ya Patrice Lumumba. Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi, alisoma Kinshasa na kisha Louvain. Mwaka 1967 akawa rekta wa chuo kikuu cha Lovanium, na baadaye askofu. Valentin-Yves Mudimbe, aliyefariki mwaka 2025, alizaliwa Likasi, mji ambao kila mtu wa Fungurume hupita akienda Lubumbashi; alipata udaktari wake Louvain mwaka 1970, akarudi kufundisha Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani. Vitabu vyake vyasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Na tukivuka mpaka wa mashariki: Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania, mkatoliki kama sisi, hakusoma London. Alisoma Edinburgh, katika Scotland, kutoka 1949 hata 1952. Je, watu wa Tanzania walimwuliza: «Kwa nini hukwenda mji mkubwa zaidi?»

Wale waliotoka Leuven kuja kuanzisha chuo kikuu katika nchi yetu mwaka 1954 hawakukiweka katikati ya kelele za Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Walikiweka kilimani, nje ya mji wa siku zile, wakakipa jina la Kilatini la mji wao wenyewe: Lovanium. Twaweza kuwalaumu kwa mengine, na hasa kwa kuchelewa mno. Maana mwaka 1960 tulipopata uhuru, watu wetu wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Lakini jambo moja walilijua: mwanafunzi apewe mahali pa kusomea kwanza, mambo ya mjini atayapata baadaye.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu.

Wengine husema: «Mji mkubwa humfungua mtoto macho.» Twajibu: macho yafunguliwe, lakini yasifunguliwe usiku kucha. Kutoka Leuven hata Brussels ni kilomita kama 25 tu, na gari-moshi hupita mchana kutwa. Mwanafunzi aweza kwenda Jumamosi kuona majumba na kusikiliza watu wakubwa, akarudi jioni kulala. Kuuona mji mkubwa ni jambo moja. Kumezwa nao ni jambo lingine.

Wengine husema: «Katika mji mdogo mtu mweusi hutazamwa sana.» Hatutaficha. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba alipopiga simu chumba kilikuwako, na alipofika mlangoni chumba kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa. Ni dhambi, na iitwe dhambi. Lakini nani amewaambia kwamba milango ya mji mkubwa haifanyi hivyo? Tofauti ni hii: katika mji wa chuo kikuu pana ofisi ya wageni karibu, na wanafunzi wa mataifa mengi wanaojua mwenye nyumba yupi ni mwema na yupi si mwema. Habari hiyo hufika upesi, kwa kuwa watu wajuana.

Wengine husema: «Mji wa namna hiyo si paradiso.» Hilo twalikubali mara moja. Leuven yenyewe ilipasuka kwa ugomvi wa lugha. Mwaka 1968 Waflamanda walidai wasomi wa Kifaransa waondoke. Serikali ya Ubelgiji ikaanguka. Chuo kikuu kikagawanywa viwili, hata vitabu vya maktaba vikagawanywa. Ndiyo sababu leo kuna Louvain mbili. Na hapa, wazazi, fungueni masikio, maana wengi huchanganya. Katika Leuven ya kale masomo ya mwanzo yafundishwa Kiflamanda, na mengi ya juu kwa Kiingereza. Katika Louvain-la-Neuve yafundishwa Kifaransa, lugha ambayo mtoto wetu ameisoma tangu shule ya msingi. Tena atakayetaka uganga chini ya Louvain hiyo ya Kifaransa hatakaa Louvain-la-Neuve. Atasoma Woluwe, ndani ya Brussels. Mambo haya yaulizwe kabla ya kiwanja kuuzwa, si baada yake.

Na wengine, wenye hekima kuliko wote, husema: «Kwa nini Ulaya? Si kuna vyuo vikuu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi?» Hawa hatubishani nao sana. Mtoto akiweza kusoma miaka ya kwanza hapa, akae hapa: amelala kwao, amekula ugali wao, akili yake imekomaa. Kisha aende ng'ambo kwa masomo ya juu, akijua anachokitafuta. Mtu mzima hapotei upesi kama mtoto wa miaka 18. Lakini jamaa ikiisha kuamua mtoto aende, basi isifanye kosa la pili.

Turudi kwa binti yetu. Ataka kusomea mawe na madini. Mjomba asema London. Je, binti amesoma kwa Kiingereza? Hapana. Kodi ya London nani ataibeba? Kiwanja cha pili hakipo. Sisi twasema: aandike Liège, na aandike Mons. Liège ina chuo kikuu tangu mwaka 1817, tena ni nchi ya makaa ya mawe na chuma. Huko watu wamechimba na kuyeyusha madini kabla babu zetu hawajaona gari-moshi. Sehemu kubwa ya chuo kile iko kilimani Sart Tilman, nje kidogo ya mji. Huenda huko kwa basi, basi miguu peke yake haitatosha, lakini si safari ya saa moja na nusu. Na Mons shule yake ya mainjinia ilianza katika miaka ya 1830 ikiwa shule ya migodi, kwa ajili ya makaa ya nchi ile ya Borinage. Hapo binti wa Fungurume hatakuwa mgeni kabisa: atawakuta watu ambao babu zao waliingia shimoni, na ambao wanajua mgodi ukifungwa mji hubaki na nini. Elimu hiyo nayo twaihitaji hapa, tena sana. Shaba yetu haitadumu milele, na siku ile twataka mtoto wetu awe mezani na wale wanaojua kusoma ramani ya chini ya ardhi.

Mjomba mpendwa, twakuheshimu. Wewe ndiwe uliyelipa minervali ya watoto hawa baba yao alipokosa kazi, na hakuna aliyesahau. Hukutaka mabaya. Ulitaka jina kubwa kwa jamaa yetu, na sisi sote tulilitaka pamoja nawe siku ile tulipopiga makofi. Lakini jina la mji haliandikwi katika diploma kwa niaba ya mwanafunzi aliyeanguka. Mama auzaye mihogo sokoni hajui Liège, ni kweli. Mtoto akirudi na kazi na akili timamu, atamwambia mwenyewe.

Basi wazazi, kabla hamjachagua, ulizeni maswali manne tu. Masomo yafundishwa kwa lugha gani? Kutoka chumbani hata darasani ni dakika ngapi? Feza iliyopo yatosha miezi mingapi? Na mtoto akiugua usiku, nani atagonga mlango? Mkipata jibu la manne hayo, jina la mji halitawasumbua tena. Msipolipata, hata mji uwe na mnara unaofika mbinguni, msimpeleke.

Na yule wa Paris tusimwache. Baba yake akubali kumwandikia, hata asipojibiwa, kwamba mlango u wazi, na kwamba mwaka wa tatu waweza kuanza mahali padogo zaidi. Kosa halikuwa lake peke yake. Lilianza mezani petu.

Siku ya baraza tutakuja. Tutasema kwanza. Kuku tutamla baadaye.